Mama Kevina: Kliniki Iliyoanza Chini ya Mwembe



Siku ya kliniki katika zahanati nyingi za parokia zetu hujulikana kwa foleni. Akina mama wamekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni au kifuani, kadi mkononi. Mtoto atapimwa uzito, atapata chanjo, atalia kidogo, kisha watarudi nyumbani. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena ajabu ya foleni ile. Kwa nini mama amkabidhi mtu asiye ndugu yake mtoto mchanga, mzima kabisa, ili achomwe sindano? Anafanya hivyo kwa sababu anaamini. Na imani hiyo haikuletwa pamoja na dawa ndani ya boksi. Kuna watu walioijenga taratibu, miaka mingi kabla ya kupatikana kwa chanjo tunazozijua leo.

Mmoja wa watu hao ni sista kutoka Ireland ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Jina lake la kitawa lilikuwa Maria Kevin, na mwaka 2016 alitangazwa kuwa Mtumishi wa Mungu. Wengi wetu tunawafahamu watoto wake wa kiroho, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao wanatumikia Uganda, Kenya na hata Tanzania, lakini mama yao hatumfahamu sana. Napenda tuyatazame maisha yake, na hasa jaribu moja lililomkuta katika kazi yake ya kuwahudumia mama na mtoto.

Yatima wa Wicklow

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow nchini Ireland, akabatizwa kwa jina la Teresa. Ukoo wao ni Kearney. Baba yake, mkulima, alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali miezi michache kabla ya binti huyu kuzaliwa. Mama yake aliolewa tena, lakini naye alifariki Teresa akiwa na umri wa miaka kumi tu. Akabaki mikononi mwa bibi yake, mwanamke wa sala na imani kubwa, naye ndiye aliyemlea hadi Mungu alipomchukua bibi huyo pia. Hapo Teresa alikuwa na miaka kumi na saba.

Basi mtu huyu ambaye baadaye maelfu ya watu wangemwita Mama hakuwahi kumwona baba yake, na mama yake alimpata kwa miaka michache. Alijua mapema maana ya mtoto kuachwa, na alijua pia mtoto yatima anavyoweza kusimama tena akipata mtu mmoja wa kumshika mkono.

Alifanya kazi ya ualimu, kwanza Ireland na kisha Uingereza. Mwaka 1895, akiwa na miaka ishirini, aliingia utawani kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Aliweka nadhiri mwaka 1898. Nia yake ilikuwa kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi, maana shirika lake lilikuwa na utume huko. Alingoja. Miaka ikapita, na barua ya kumtuma Marekani haikufika. Mwito ulipokuja ulikuwa wa kwenda Afrika.

Kutoka London hadi kilima cha Nsambya

Ili tuelewe kwa nini masista wa Mill Hill walihitajika Uganda, lazima tukumbuke hali ya nchi ile. Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879, na wengi wao walikuwa Wafaransa. Waprotestanti walikuwa wametangulia kutoka Uingereza. Matokeo yake dini na taifa vilichanganywa: Mkatoliki aliitwa mtu wa Ufaransa, Mprotestanti akaitwa mtu wa Uingereza, na mwaka 1892 pande hizo mbili zilipigana vita huko Mengo. Baada ya hapo Roma iliona vema kuwatuma pia wamisionari Wakatoliki kutoka Uingereza, ili watu waone kwamba Kanisa Katoliki si mali ya taifa moja. Mapadre wa Mill Hill walifika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, wakaweka makao yao Nsambya, mojawapo ya vilima vya Kampala. Askofu huyo ndiye aliyeomba masista.

Tarehe 3 Desemba 1902, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, masista sita waliondoka London. Kevin alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka ishirini na saba. Njia ya siku zile ilipitia baharini hadi Mombasa, kisha kwa reli mpya hadi ziwani, na kutoka hapo kwa chombo kuvuka Ziwa Viktoria. Walifika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Mkuu wao alikuwa Sista Paul, Mmarekani.

Walifika wakati mgumu. Ugonjwa wa malale ulikuwa unateketeza vijiji vya kando ya ziwa, hasa upande wa Busoga. Kabla haujatulizwa, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walikuwa wamekufa. Ni mwaka huohuo wa 1903 ambapo watafiti waliokuwa Entebbe walitambua kwamba malale huenezwa na mbung'o. Ndui nayo ilikuwapo, pamoja na malaria, minyoo, vidonda na njaa.

Chini ya mwembe

Masista walianza kuwahudumia wagonjwa chini ya mwembe. Kevin alikuwa amesomea ualimu, si udaktari. Walichokuwa nacho ni maji safi, sabuni, bandeji, dawa chache, na mikono yao. Walisafisha vidonda, waliwaogesha watoto, waliwafundisha akina mama namna ya kumlisha mtoto aliyedhoofika. Na walijifunza Kiganda, kwa sababu mtu hawezi kumtibu mgonjwa ambaye hawezi kumsikiliza.

Hapa tukumbuke chanjo za siku zile. Mwaka 1903, chanjo ya watoto iliyoenea duniani ilikuwa moja tu, ile ya ndui, ambayo msingi wake uliwekwa na Jenner mwaka 1796. Kinga ya polio na ya surua zilikuja baada ya nusu karne na zaidi. Sindano ya kuwakinga watoto na kifaduro au pepopunda haikuwapo. Kwa hiyo kliniki ya mtoto haikuwa mahali pa kuzuia ugonjwa kwa sindano. Ilikuwa mahali pa kumfundisha mama, kumwangalia mtoto mapema, na kumfanya mama arudi tena wiki ijayo. Mtoto akipona, mama alimwambia jirani. Jirani alikuja na wa kwake. Foleni ilianza hivyo.

Kazi ilikua. Mwaka 1906 masista walifungua kituo kingine Nagalama, karibu kilomita arobaini kutoka Nsambya. Mwaka 1910 Sista Paul alirudi kwao kwa sababu ya afya mbovu, na Kevin akachaguliwa kuwa mkuu mahali pake. Tangu hapo Waganda walimwita Mama Kevina.

Vita vilipokuja

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uganda haikubaki salama. Majeshi ya Waingereza yalipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na mizigo ya vita ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Ni kikosi kile cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza, kwa matamshi yetu, likawa Kariakoo. Wengi wanaonunua nguo na vyombo pale Dar es Salaam hawajui kwamba wanataja jina la watu waliokufa kwa maelfu, wengi wao wakiuawa na kuhara, malaria na uchovu kuliko risasi.

Nsambya ikawa hospitali ya wapagazi. Mama Kevina na wenzake waliwapokea watu hao waliokuwa wamechakaa, ambao katika hesabu za wakubwa wa vita walihesabiwa mwisho. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa huduma hiyo. Kwa watu wa Uganda nishani kubwa zaidi ilikuwa kwamba jina lake lilikwisha kuingia katika lugha yao. Hadi leo sehemu ya Nsambya inaitwa Kevina.

Mlango ambao sista hakuweza kuupita

Sasa nafika kwenye jaribu nililolitaja mwanzoni.

Hatari ya mtoto mchanga huanza saa ileile anayozaliwa. Kitovu kikikatwa kwa kifaa kichafu au kikifungwa kwa kitu kichafu, pepopunda huingia, na baada ya siku chache mtoto hushindwa kunyonya, hukakamaa na kufa. Leo tunamkinga mtoto huyo kwa kumchanja mama yake wakati wa ujauzito. Katika siku za Mama Kevina hakukuwa na njia hiyo. Kinga ilikuwa moja: mikono safi na wembe safi katika saa ya kujifungua.

Na ni katika saa hiyo ambapo sista alitakiwa kubaki nje. Taratibu za Kanisa za wakati ule hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Nia ya katazo hilo ilikuwa kulinda nadhiri ya usafi wa moyo na heshima ya maisha ya kitawa. Lakini huko Nsambya maana yake ilikuwa kwamba sista angeweza kumsaidia mama kabla, na kumpokea mtoto baadaye, ila ile saa ambayo kifo kilikuwa karibu zaidi na wote wawili haikuwa yake.

Ndugu seminari, tufikirie kidogo. Mtu angeweza kufanya mambo mawili mepesi. La kwanza ni kuvunja sheria kimyakimya, na kujitetea kwamba Roma iko mbali. La pili ni kujificha nyuma ya sheria: kusema kwamba tumekatazwa, basi mtoto akifa si kosa letu. Mama Kevina hakuchukua njia hizo. Alifanya mambo matatu, na yote aliyafanya kwa wakati mmoja.

Kwanza, alitafuta mtu ambaye sheria haikumzuia. Mwaka 1919 alifika Nsambya daktari mwanamke, Evelyn Connolly, mmisionari mlei. Yeye hakuwa mtawa, kwa hiyo mlango uliofungwa kwa sista ulikuwa wazi kwake. Huo ni ushuhuda mzuri kwa waamini walei wanaosoma makala hii: kuna kazi za Kanisa ambazo bila ninyi haziendi.

Pili, aliwafundisha wenyeji. Mwaka 1921 ilifunguliwa Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa ajili ya wasichana wa Uganda. Mwaka huohuo, huko Paris, mtoto mchanga alipewa kwa mara ya kwanza chanjo ya kifua kikuu. Mambo hayo mawili yalitokea mbali sana, lakini yalikuwa yakielekeana. Chanjo iliyotengenezwa maabara ingehitaji siku moja kufika mikononi mwa mkunga ambaye mama anamwamini, anayezungumza lugha yake na kujua njia ya kwenda kijijini kwake. Nsambya ilikuwa inamwandaa mtu huyo kabla chanjo haijafika.

Tatu, aliendelea kuomba. Yeye pamoja na wengine, kama Anna Dengel, daktari aliyeanzisha shirika la masista wa utume wa tiba, waliwaeleza viongozi wa Kanisa hali halisi ya akina mama katika nchi za misioni. Hawakupiga kelele magazetini dhidi ya Baba Mtakatifu. Walieleza, wakasubiri, wakaeleza tena. Tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, idara ya Roma inayoshughulikia uenezaji wa imani ilitoa waraka ulioruhusu, tena ukahimiza, masista kusomea udaktari na uuguzi, pamoja na kuwahudumia akina mama wanaojifungua.

Kutoka mwaka 1903 hadi 1936 ni miaka thelathini na mitatu. Mama Kevina alikuwa na umri wa miaka sitini mlango ulipofunguliwa. Lakini kwa sababu hakukaa bure akingoja, siku ile ilipofika tayari kulikuwa na wodi, shule na wakunga. Hakuanza upya.

Kuwaachia wengine

Mama Kevina alitambua pia kwamba kazi inayotegemea masista wa kutoka ng'ambo peke yao haiwezi kudumu. Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa wazawa, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wachache. Makao yao yakawa Nkokonjeru. Wapo waliotilia shaka kwamba binti wa Kiafrika anaweza kuishi nadhiri za kitawa. Jibu la Mama Kevina lilikuwa kuwapokea, kuwalea na kuwakabidhi kazi: shule, hospitali, watoto yatima.

Katika miaka ya 1930 alifungua vituo vya wagonjwa wa ukoma Nyenga na Buluba, karibu na ziwa. Na kwa kuwa shamba lilikuwa limepanuka, alianzisha huko Uingereza unovisi kwa ajili ya wale waliotaka utume wa Afrika. Mwaka 1952 tawi hilo likawa shirika linalojitegemea, Masista Wamisionari Wafransisko kwa ajili ya Afrika, lenye makao makuu Mount Oliver, karibu na Dundalk, Ireland. Yeye, akiwa na miaka sabini na saba, akawa mkuu wake wa kwanza.

Mwaka 1955 aliachia madaraka. Mtu wa umri ule angestahili kiti cha kukalia na rozari mkononi. Yeye alitumwa Boston, Marekani, kuomba misaada kwa ajili ya Afrika. Nchi aliyotamani kutumwa alipokuwa kijana hatimaye aliipata, akiwa mzee, tena kama mwombaji wa watu aliowaacha Uganda. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Mwili wake ulipelekwa Ireland kwa mazishi. Lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba mama yao arudishwe kwao, na wakakubaliwa. Alizikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957. Ilikuwa imetimia miaka hamsini na mitano kamili tangu siku ile alipoondoka London.

Tunajifunza nini

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba sheria ipo kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba busara ni fadhila ya kuchagua njia sahihi ya kufikia jambo jema. Darasani maneno hayo huonekana mepesi. Ugumu wake huonekana mtu anapokuwa katikati: mbele yake mama anayeteseka, nyuma yake nadhiri ya utii. Mama Kevina hakuichagua nadhiri ili amkimbie mama, wala hakumchagua mama ili aitupe nadhiri. Alivishika vyote viwili, na uzito wake aliubeba kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya utii na woga. Mwoga husema amekatazwa, kisha hukaa. Mtii hufanya kila kilichobaki wazi, na huku anabisha hodi.

Nasi katika malezi tunakutana na milango ambayo haijafunguliwa. Labda ni mwito unaochelewa, labda ni mpango wa parokia unaosubiri kibali, labda ni ruhusa ambayo mkubwa bado hajaiona haja yake. Swali la kujiuliza si tu mlango utafunguliwa lini. Tujiulize pia: ukifunguliwa kesho, tutakuwa tumeandaa nini?

Na kwenu wazazi wa parokia zetu: mkimpeleka mtoto kliniki wiki hii, mtazameni muuguzi anayempokea. Mkono wake umetoka mbali. Nyuma yake wapo wakunga wa Nsambya, yupo daktari mlei, na yupo yatima mmoja wa Wicklow aliyekubali kuanza na maji na sabuni chini ya mwembe. Mlipeni fadhili kwa jambo dogo: msikose tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Tumwombe Mungu ili, ikiwa ni mapenzi yake, Kanisa limtangaze siku moja Mtumishi wake Kevin kuwa mwenye heri. Na atujalie sisi moyo wa kungoja bila kukaa bure.